Tembe za Barqi

Hail, Muscat
9 Januari 2025

Mpwa wangu Peninah,

Ukisikia watu wa Muscat wanalala usingizi mzuri, ujue kuna mtu mmoja anayewafanya walale, na mtu huyo ni mjomba wako. Mimi si yule Rufus mliyemsindikiza uwanja wa ndege na begi lililofungwa kwa kamba. Hapa Hail nyumba nzima iko chini yangu: magari matatu, bustani, lango, tangi la maji juu ya paa, na wanyama wote. Mwezi jana meli ya watalii ilishindwa kuingia Bandari ya Sultan Qaboos kwa sababu ya upepo, na nahodha akaulizia kama kuna Mkenya yeyote karibu anayejua kupitisha kitu kikubwa mahali padogo. Nilikuwa nimeegesha gari la mwajiri wangu pale pale. Sitasema zaidi, maana mama yako atasema naongeza chumvi.

Naandika barua yenye tarehe kwa sababu mtu wa cheo changu hatumi sauti za WhatsApp kama vijana wa bodaboda. Halafu simu yako mama yako huisikiliza yote. Barua pepe hajui kuifungua.

Sasa neno lenyewe. Mwenye nyumba ni Bibi Balqees, Mwomani aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kinateleza kuliko changu. Ana mbwa mmoja wa kuwinda, aina ya saluki, mwembamba kama fremu ya baiskeli, jina lake Barqi. Alikuwa wa marehemu mumewe. Hao wawili walikuwa wakienda jangwani wiki nzima, wanarudi na mchanga hadi kwenye masikio. Mimi mwenyewe nilishindana naye mbio kutoka hapa Hail hadi ufuo wa Sib, nikamwacha kwa hatua mbili, uliza mtu yeyote. Leo ana miaka kumi na miwili na viungo vimekwisha. Nyonga, magoti ya nyuma, yote. Akitaka kuinuka anapiga hesabu kwanza.

Daktari wa wanyama amesema ni baridi yabisi, akatoa tembe, moja asubuhi na moja jioni. Kazi ya kumpa nimekabidhiwa mimi. Wiki ya kwanza Barqi aliinuka akazunguka bustani yote, Bibi akatoa machozi. Sasa ni wiki ya nne na amerudi chini kama zulia. Maan, mtoto mkubwa wa Bibi, anasema dawa hizi ni kumtesa mzee wa watu tu. Ndani ya paketi kuna karatasi ndefu ya hatari zake. Kiingereza changu unakijua, lakini nimeona tumbo, nimeona ini, nimeona figo, nikaacha kusoma.

Wewe umesomea mifugo na una koti jeupe hapo Nakuru. Nipimie faida na hatari, uniambie ipi ni nzito. Na unijibu haya pia: zikimezwa asubuhi tumbo tupu, na kahawa chungu juu yake, kuna ubaya? Zikitumika miezi mingi, ini la kiumbe mtu mzima linaharibika?

Mjomba wako,
Rufus
Mkuu wa Nyumba


Nakuru
12 Januari 2025

Mjomba Rufus,

Nimefurahi kupata barua yako, nikacheka peke yangu kliniki mpaka daktari akauliza kuna nini.

Dawa hiyo ni ya kupunguza uvimbe ndani ya kiungo. Uvimbe ukipungua, maumivu yanapungua, mbwa anatembea, na akitembea misuli haiishi. Hiyo ndiyo faida, na kwa mbwa mzee ni kubwa sana, kwa sababu asiyetembea anakwisha haraka. Hatari ni kweli ulizoziona. Inaweza kuchubua tumbo mpaka likatoa damu. Inaweza kusumbua ini na figo. Kwa hiyo damu inapimwa kabla ya kuanza, inapimwa tena baada ya wiki chache, na dawa anapewa na chakula, si tumbo tupu. Asichanganyiwe na dawa nyingine ya maumivu, hasa za binadamu. Zile tembe tunazonunua dukani kichwa kikiuma zinaweza kumuua mbwa.

Dalili za kuangalia: kutapika, kukataa chakula, choo cheusi kama lami, fizi kuwa njano. Ukiona hata moja, simamisha dawa na umwone daktari.

Wengi hawapati shida yoyote wakifuatiliwa vizuri. Lakini siwezi kukupimia kitu nisichokijua. Nijibu: ana kilo ngapi? Damu yake ilipimwa? Anakula vipi? Ni nini kilibadilika baada ya wiki ya kwanza?

Kahawa sikuielewa. Kuna mtu anampa mbwa kahawa?

Mpwa wako,
Peninah


Hail
30 Januari 2025

Mpwa wangu,

Umenijibu kama daktari kweli, ila maswali yako ni mengi kuliko ya ofisi ya uhamiaji.

Kilo ni themanini na mbili. Hapana, hizo ni za mzani wa kule Sib, na mzani ule umeharibika. Za mbwa ni ishirini na nne. Damu ilipimwa mwanzo, ilikuwa safi, na itapimwa tena mwezi ujao. Chakula anakula, Radhia anamchemshia kuku na wali. Radhia ni mpishi wetu, Mtanzania wa Tanga, mtu mzuri ila macho yake yanaona hata visivyomhusu.

Faida ya dawa naikubali. Asubuhi ya kwanza nilipanda ngazi ya tangi bila kushika ukuta, jambo ambalo halijawezekana tangu mwaka juzi. Nasema nilipanda kwa sababu ya furaha ya kumwona mbwa anaendelea vizuri. Hatari nayo naiona. Kuna kiungulia cha kukata na shoka, kinaanza hapa chini ya kifua saa nne asubuhi na hakiondoki mpaka maziwa yapite. Hicho ni cha kawaida kwa mbwa?

Lakini kinachonikera ni Maan. Amekuja Ijumaa, akamtazama Barqi akijaribu kusimama kwenye vigae vya baraza, miguu ya nyuma inatawanyika kila upande. Akamwambia mama yake kwamba ikifika mwisho wa Februari bila nafuu, daktari aje amchome sindano ya mwisho kabla ya Ramadhani, khalas. Bibi akainuka. Aliingia ndani akaleta mkeka wa kusalia wa marehemu, ule wa zamani, akautandika chini ya mbwa asiteleze. Mkeka wa kusalia, Peninah, chini ya mbwa. 

Mimi nimesimama hapo na mpira wa maji mkononi. Nimewahi kutuliza ngamia watatu wenye wazimu kwa jicho moja, lakini siku hiyo nilimwagilia ua moja mpaka likazama. Inaniudhi, kwa sababu mbwa huyu ana nafuu yake mahali fulani na hapati.

Mjomba,
Rufus


Nakuru
2 Februari 2025

Mjomba,

Nimesoma barua yako mara mbili na zote mbili nimekasirika, nisamehe.

Mbwa hapandi ngazi ya tangi. Mbwa hasemi ana kiungulia, wala hajui kwamba kinaanza saa nne. Nikikuuliza juu ya Barqi unanijibu juu ya mtu mwingine. Kama huna habari kamili, sema huna, nami nitakuelewa.

Huo mkeka wa Bibi umefanya kazi kuliko unavyodhani. Mwambie atandike mikeka mingine hadi kwenye bakuli la maji. Mbwa wa viungo akiteleza mara moja anaogopa kusimama siku nzima.

Kuna pia sindano mpya ya mara moja kwa mwezi, inazuia ujumbe wa maumivu usifike. Haipiti kwenye tumbo kama tembe. Lakini ni ngeni, na wengine imewaletea matatizo, kwa hiyo hiyo nayo ni ya kupimwa. Sisi hapa kwanza tunahakikisha tembe zimetumika sawasawa ndipo tuseme zimeshindwa. Nataka jambo moja tu kutoka kwako. Nenda uangalie paketi, hesabu tembe zilizobaki, uniambie tarehe aliyoanza. Usinisimulie ngamia. Niletee idadi.

Peninah


Hail
11 Februari 2025

Peninah,

Siku hizi mpwa anamwamuru mjomba. Sawa. Nilikubeba mgongoni ukiwa na surua, ukanitapikia kola ya harusi, na leo naambiwa nilete idadi.

Paketi sina hapa, iko ndani. Nina mambo makubwa ya kukueleza kuliko kuhesabu.

Jana tulimpeleka Barqi kupimwa damu, Maan akiendesha, mimi nyuma na mbwa mapajani. Daktari akatoka na karatasi anashangaa. Ini safi. Figo safi. Akasema kwa dawa ya miezi miwili, katika umri huo, hajaona damu tulivu namna hiyo, ni kama mbwa hajameza kitu. Nikajua hiyo ni habari njema, nikainua mikono kushukuru. Kumbe siyo. Daktari akasema ikiwa anapata kipimo kamili na bado haamki, basi tembe zimeshindwa. Anaweza kujaribu sindano ile uliyotaja. Maan akasema mama yake ameshalia vya kutosha na hataki jaribio baada ya jaribio. Wakatafuta siku ya sindano ya mwisho. Wakapata Alhamisi ya tarehe ishirini, jioni, daktari atakuja nyumbani.

Njiani Barqi aliweka kichwa kwenye goti langu, lile linalouma, na sikumwondoa.

Nina hasira na kila mtu. Na daktari asiyeuliza vizuri. Na Maan. Na wewe na maswali yako. Ungeniambia tu tangu mwanzo kwamba zinafanya kazi ama hazifanyi, mambo yasingefika hapa.

Na jambo lingine, nauliza kwa niaba. Kama kuna choo cheusi kama lami kwa siku tatu mfululizo, na kizunguzungu ukiinama, inaweza kuondoka yenyewe?

Mjomba wako,
Rufus


Nakuru
12 Februari 2025

Mjomba,

Soma barua hii mpaka mwisho ukiwa umekaa.

Barqi alipata nafuu wiki ya kwanza, kisha akaanguka. Damu yake ni ya mbwa ambaye hajameza dawa sawasawa. Choo cheusi ni chako, kwa sababu kingekuwa cha mbwa daktari angekiona juzi. Kilo themanini na mbili ni zako. Kiungulia ni chako. Kahawa ni yako. Unameza dawa ya mbwa.

Sikucheki na wala sitamwambia mama. Najua goti lako lilivyo, nakumbuka ulivyokuwa ukishuka kutoka kwenye pikipiki ukiwa bado hapa. Lakini uliniomba nipime faida na hatari, na sasa nimeelewa ninachopima.

Kwako wewe: umepata wiki nane za kupanda ngazi bila kushika ukuta. Ulichotoa ni damu inayotoka tumboni sasa hivi, wakati unasoma. Choo cheusi na kizunguzungu si jambo la kusubiri liondoke. Acha tembe leo. Nenda hospitali leo. Watu wanakufa kwa hilo, na hufa wakisema ni kiungulia.

Kwa Barqi: amepata nusu ya dawa, yaani maumivu yale yale na lawama juu yake. Wameamua kumuua kwa sababu dawa imeshindwa, na dawa haijashindwa. Imefanya kazi vizuri kabisa, ila imefanya kazi kwenye goti lako.

Hakuna mwingine anayejua isipokuwa wewe na mimi, na mimi niko Nakuru. Mwambie Bibi kabla ya Alhamisi. Akikufukuza, utarudi nyumbani na utalala chumba changu, mimi nitalala na mama.

Mpwa wako anayekupenda,
Peninah


Hail
14 Februari 2025

Peninah,

Sijawahi kutukanwa hivi na mtu niliyembeba mgongoni.

Unajua bitaka yangu ya kuishi hapa inafanywa upya mwezi wa nne? Unajua kuna kupimwa afya? Wakijua goti limekufa, nani atamweka mtu wa kupanda kwenye tangi asiyeweza kupanda? Nina miaka kumi na moja hapa. Nyumba ya mama yako paa lake limetoka kwenye goti hili. Halafu unaniambia nimwendee mwajiri niseme nimekula dawa ya mbwa, tena mbwa wa marehemu.

Koti jeupe limekupanda kichwani.

Rufus


Nakuru
18 Februari 2025

Mjomba,

Siku nne hujaandika. Nimepiga simu mara sita.

Sijali ulivyonijibu. Niambie tu kama umekwenda hospitali. Kisha kumbuka kwamba Alhamisi ni keshokutwa, na Barqi hawezi kuandika barua.

Peninah


Hail
27 Februari 2025

Mpwa wangu Peninah,

Niko hai, na mbwa yuko hai. Nimeanza na hayo kwa sababu najua utaruka mistari kuyatafuta.

Sasa nikueleze jinsi nilivyofanya. Jumatano baada ya alasiri, Bibi yuko barazani na Maan, kahawa na halwa mezani, Barqi kwenye mkeka wake. Niliingia nikiwa nimevaa shati jeupe. Nilisimama katikati. Niliongea kama wakili wa mahakama kuu, sauti haikutetemeka hata mara moja. Nikawaambia kwamba kuna nyumba inakaribia kumwua asiye na kosa, na kwamba mwenye kosa amesimama mbele yao. Maan aliweka kikombe chini. Hata kunguru wa kwenye ukuta walinyamaza.

Nilieleza yote. Kwamba siku ya nane Barqi alitema tembe ya jioni, ikabingirika mpaka kwenye kandambili yangu. Kwamba siku ile nilikuwa nimeshuka kutoka kwenye tangi kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, kama mtoto anayejifunza. Nikaiokota. Ilinukia maini ya kukaanga. Nikamtazama Barqi, jinsi alivyokuwa amesimama imara wiki ile, nikasema moyoni, mzee, wewe umepata, hebu nami nionje. Asubuhi yake nilipanda paa kama kijana. Baada ya hapo kila jioni nilikuwa nachukua moja yake, naiweka mpaka alfajiri, naimeza na kahawa. Nilijiambia yeye moja, mimi moja, ni haki, tunagawana kama wafanyakazi wenza. Sikujua kwamba nusu yake si nusu ya nafuu, ni bure kabisa. Hilo nakuapia. Nilipojua, ilikuwa ni wewe umeniambia, na siku sita nilizonyamaza nazihesabu kama dhambi ya peke yake, kwa sababu hizo nilinyamaza nikijua.

Bibi aliisogeza sahani ya halwa. Kisha akasema, "Rufus, miaka kumi na moja uko kwangu. Hukuweza kuja ukanambia, Bibi, nna goti linanuma?"

Maan alitaka nifungashe siku hiyo hiyo. Alisema mtu anayemnyima mnyama dawa yake hakai nyumba moja na watoto wake wanapokuja Ijumaa. Na hakukosea, mimi ningesema hivyo hivyo. Bibi akamwambia kwanza ampigie daktari simu, mengine baadaye. Daktari akafuta ile Alhamisi. Akasema tuanze upya, kipimo kamili, tuone mwezi mmoja. Akatuonya kwamba sasa ndipo hatari inaanza kweli, kwa sababu tumbo na ini la Barqi bado havijajaribiwa, na damu itapimwa tena. Bibi akasema amesikia. Akasema mbwa wa kuwinda akipata miezi sita ya kutembea inamtosha kuliko miaka miwili ya kulala akitazama lango.

Mimi nilipelekwa hospitali na Maan mwenyewe. Hakunisemesha njia nzima. Kule wakakuta kidonda tumboni, wakanilaza siku mbili, wakanikataza tembe zote za jamii ile maisha yangu yote. Goti linauma vile vile, tena zaidi. Kuhusu bitaka, Maan aliuliza, akaambiwa goti halihusiani na kipimo kile. Miaka yote hii nilikuwa naogopa kitu ambacho hakipo. Unaweza kufikiria jinsi hilo linavyoniudhi kuliko kidonda.

Tangi nimenyang'anywa, kuna kampuni itakuja kuliosha. Tembe nimenyang'anywa pia, ziko kabatini kwa Radhia, na funguo anavaa shingoni. Kila asubuhi na jioni ananiita nitazame anavyompa, ili niwe shahidi, anasema, lakini najua ananikomoa. Mwezi wa nne bitaka itafanywa upya ama haitafanywa, Bibi hajasema, na Maan akinipita anasalimia lango.

Barqi, jana, siku ya saba ya dawa kamili, alitoka kwenye mkeka akafika mpaka kwenye gari la Maan, akainua mguu kwenye gurudumu. Mguu wa nyuma, ule mbovu. Bibi alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Leo asubuhi hakuinuka vizuri. Ni mbwa mzee. Siku nyingine itakuwa hivi na nyingine vile, na hilo nalo daktari alisema.

Usimwambie mama yako.

Peninah, kuna mahali nimeandika kwamba nilisimama katikati ya baraza. Shati jeupe nilivaa, hilo ni kweli. Lakini nilipofika mlangoni nilimwona Bibi anamlisha Barqi halwa kwa kidole, na maneno yakaniisha. Nikarudi jikoni. Nikaifungua barua yako ya tarehe kumi na mbili kwenye simu, nikaiweka kwenye sinia ya Radhia katikati ya vikombe, nikamwambia ampe Bibi aisome. Hayo aliyosema Bibi ameniambia Radhia. Mimi sikuyasikia. Nilikuwa nimejifungia chumba cha kufulia na nimewasha mashine, ile kubwa yenye kelele, ili nisisikie wanasema nini.

Haikuwa na nguo hata moja ndani.

Mjomba wako,
Rufus